Injini ya Mdogo Wangu na Dumu Langu la Mawese

Kwanza niseme wazi kwamba gari halikuwa na kosa. Wanaonijua hapa Kibondo watashangaa kunisikia nikisema hivyo, maana kwa miaka sita nimelitukana gari lile mbele ya kila mwenye masikio. Ilikuwa pikapu ya mdogo wangu, kubwa, nyeupe, ya dizeli, ya watengenezaji ambao sikuwahi kuwapenda. Yangu ilikuwa pikapu pia, ya kijivu, kuukuu, ya washindani wao. Majina ya makampuni hayo nayaacha. Kila mwenye gari ataweka ya kwake na ugomvi utabaki uleule.

Injini yangu ilikuwa ya silinda sita, haina tabo ya kuisukumia hewa, na pampu yake ya dizeli ilikuwa chuma kitupu kinachozungushwa na gia. Ukiondoa waya wa kuizima, haikuhitaji umeme wowote ili itembee. Nikiwa na spana nne na bisibisi niliweza kuifungua kando ya barabara, kuitoa hewa na kuondoka kabla mvua haijanikuta. Ya mdogo wangu ilikuwa ya silinda nne, ndogo kuliko yangu kwa zaidi ya lita moja, lakini ilikuwa na tabo, na nozeli zake za kupulizia mafuta zilifunguka kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Fundi aliwahi kuniambia kwamba presha ya dizeli mle ndani inaweza kutoboa ngozi ya mkono. Nilimjibu kwamba gari la kutoboa watu silihitaji, mimi nabeba maharage.

Ukweli niliokuwa naujua na kuukataa ni kwamba ilinishinda karibu kila mahali. Msimu mmoja wa maharage tulikwenda pamoja Kagerankanda, tukarudi kila mmoja na gunia kumi na mbili. Kwenye kila kilima mimi nilishuka hadi gia ya pili, moshi mweusi ukinifuata, mguu umekanyaga mpaka chini. Yeye alipanda na gia ya nne huku akiongea na simu. Nilipofika juu nilimkuta amekaa kwenye boneti, na muhindi wa kuchoma aliokuwa anakula ulishabaki gunzi. Mafuta yake yalimtosha kwenda na kurudi. Mimi nilijaza tena Kasulu.

Mtu mwenye akili angesema hongera. Mimi nilisema gari lake lina maradhi ya mjini.

"Siku kompyuta hiyo ikikusahau, utalala porini na fisi," nilimwambia.

"Kaka, lako halina cha kusahau," akanijibu. "Halijawahi kujua kitu."

Gereji nzima ilicheka, fundi akaangusha spana. Fundi yule alikuwa anatengeneza magari yetu yote mawili, na siku zote alikataa kuamua lipi ni bora. Alisema yote yanamlisha, na mtu hapigi teke sahani aliyolia. Mimi na mdogo wangu tuliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa kicheko upande wake. Upande wangu kicheko kilikuwa cha mdomoni tu.

Jambo moja ndilo nililomshinda. Injini yangu ilikunywa chochote. Ilikunywa dizeli ya kwenye chupa, dizeli iliyokaa kwenye pipa mpaka ikabadilika rangi, na mawese. Mkoa wetu ni wa mawese, na kipindi dizeli ilipoadimika dereva mmoja mzee wa lori alinifundisha. Chukua mawese mekundu, yapashe moto, yachuje mara mbili kwa kipande cha kanga, changanya kipimo kimoja cha mawese na vitatu vya dizeli. Pampu ya chuma haiulizi. Gari linanukia kama kibanda cha mama ntilie, lakini linakwenda. Dizeli ilipopatikana tena mimi niliendelea kuchanganya, na safari hii si kwa shida bali kwa majigambo. Dumu langu la lita ishirini lilikaa tayari nyuma ya nyumba, na kila mgeni nilimwonyesha kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Masharti yake niliyajua. Wakati wa baridi mawese huganda. Kila mama wa huku kwetu analijua hilo, maana asubuhi za mwezi wa saba anayachota kwa kijiko. Ndiyo sababu wakati wa kipupwe niliwasha gari langu kwa dizeli safi, nikasubiri injini ishike moto, ndipo nikamimina mchanganyiko. Nayaandika haya ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mama yangu alizaliwa Burundi. Alivuka na wazazi wake akiwa msichana, akaolewa huku na baba yetu, Muha wa Kibondo, akapata uraia, akazeeka. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, alibaki kule akaolewa kule. Kwa miaka mingi walijuana kwa salamu za wasafiri. Kisha vurugu za kule zikamsukuma mama mdogo naye kuvuka, kichwa kikiwa na mvi tayari, akapewa makazi kambini Nyarugusu. Dada wawili wakawa wanaishi wilaya jirani, lakini mmoja raia na mwingine mkimbizi, na kati yao geti na karatasi. Kwa muda wote ule walionana mara nne. Mimi ndiye niliyeendesha mara zote nne, kwa injini yangu ya silinda sita, na kila mara mama mdogo alimnusa dada yake na kumtania kwamba amesafiri ndani ya kikaango.

Mwaka ule tukasikia kwamba mama mdogo amejiandikisha kurudi Burundi. Watoto wake walishatangulia. Siku ya mabasi ilijulikana: yangeondoka kambini Alhamisi saa nne asubuhi, yashike barabara ya Kibondo, yapite bila kusimama hadi mpakani. Mama alikuwa amepita miaka sabini. Nyonga yake ilivunjika mwaka uliotangulia, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli, basi. Safari ya Burundi haikuwepo tena mbele yake. Tulihangaika tukapata kibali cha kumwingiza kambini siku ileile, mwisho saa tatu.

"Kumwona siwezi tena," alisema. "Nataka nimshike tu uso."

Alimwandalia mbegu za maharage, kama kilo tano. Alizichambua mwenyewe kwa vidole, siku mbili, akitupa kila punje iliyotobolewa, akazifunga kwenye mfuko wa kitambaa. Alisema mdogo wake anarudi kwenye shamba lililolala miaka, na mtu hawezi kuanza na mikono mitupu.

Wiki ile gari langu lilikuwa juu ya mawe. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepelekwa kuchongwa. Mdogo wangu alikuwa amekwenda Mwanza kwa basi, pikapu yake ameiacha uani kwangu. Jumatano jioni akanipigia.

"Kaka, mpeleke mama, ufunguo si unao. Ila nakuomba kitu kimoja. Dizeli ya sheli tu. Usiipe ile supu yako. Hiyo injini si ya mzaha kama ya kwako."

Nikasema sawa, nikakata simu nikiwa nimewaka. Si ya mzaha! Miaka sita ya kusubiriwa juu ya vilima ilinipanda kichwani kwa mara moja. Nikaangalia geji: robo tangi. Ilitosha kufika Nyarugusu, haikutosha kurudi. Kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu nasi dizeli ilikuwa imekwisha jioni ile. Kingine, upande wa pili wa mji, kilifungua saa kumi na mbili asubuhi. Ningeweza kujaza pale asubuhi na bado tukawahi. Ningeweza pia kwenda na robo ileile na kutafuta mafuta ya kurudia mbele ya safari. Nimeyapiga mahesabu hayo mara nyingi sana tangu siku ile na kila mara yanakubali.

Badala yake nilizunguka nyuma ya nyumba nikachukua dumu. Nilijidanganya kwamba ni dharura. Haikuwa dharura. Nilitaka gari lile linywe mawese, limfikishe mama, kisha mdogo wangu akirudi nimwambie mbele ya gereji nzima kwamba injini ni injini. Nilimimina lita zote ishirini, nikajifuta mikono kwenye suruali. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo wake sijui huvunjika nini, hilo wazee hawakulisema.

Alhamisi kulikuwa na ukungu, na baridi ya kuuma masikio. Mama alikuwa tayari tangu alfajiri, amekaa kwenye kigoda, mfuko wa mbegu mapajani. Gari liliwaka kwa mara moja. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, na kwa dakika ishirini za kwanza niliendesha nikiwa bingwa wa dunia. Lami ilikuwa nzuri, tabo ilipiga mluzi wake mdogo, mama alikuwa akinisimulia jinsi mama mdogo alivyokuwa mtoto wa kulialia, anayetaka kubebwa hata akiwa mkubwa wa kutosha kubeba maji.

Kisha nikahisi mguu wangu unakanyaga na gari halisikii. Taa ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa injini ikawaka mbele yangu. Themanini ikawa sitini, sitini ikawa arobaini. Nikashusha gia. Lilikohoa, likatambaa kama mtu anayepapasa gizani, likazima.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Bado, mama. Kidogo tu."

Nilifungua boneti. Injini zile mpya zimefunikwa plastiki, huoni kitu. Niling'oa plastiki, nikafika kwenye chujio la dizeli, nikalifungua. Kilichokuwemo hakikuwa dizeli. Kilikuwa kizito, cha rangi ya chungwa, kimeganda kando kando kama uji uliosahaulika kwenye sufuria. Nilikitia vidole. Sikuhitaji fundi wala mashine ya kupimia.

Kulikuwa na nyumba hatua chache kutoka barabarani, moshi unatoka jikoni. Nilikimbia. Mwanamke mmoja alikuwa anachemsha maji, nikamwomba hata kabla ya salamu, naye akanikumbusha adabu.

"Mwakeye," akasema.

"Mwakeye, dada. Nakuomba maji ya moto, nina mgonjwa."

Sijui kwa nini nilisema mgonjwa. Alinipa birika zima, akanifuata hadi barabarani kumtazama mgonjwa, akamkuta mama amekaa wima na mfuko wake. Wakasalimiana kwa Kiha kirefu, habari za nyumbani, habari za mvua, mimi nikimwagia chujio maji ya moto na kuomba Mungu. Uji uliyeyuka. Nilitikisa, nikamwaga, nikarudisha, nikapiga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu. Gari likawaka.

"Imana ishimwe!" mama akamshukuru Mungu kwa Kirundi, na yule mwanamke akapiga makofi.

Nilimrudishia birika lake bila kuaga vizuri. Saa ilikuwa mbili kasoro robo. Tulikwenda kilomita kama nane. Nilikuwa nasema na gari kwa sauti, naliomba msamaha, naliahidi dizeli safi maisha yake yote. Kwenye kilima cha kwanza cha maana, kilima ambacho mdogo wangu angekipanda akiongea na simu, lilinguruma vibaya mara moja na kunyamaza. Safari hii hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na pori pande zote na barabara tupu.

Hapo ndipo alipotokea bodaboda, kijana mwenye koti la mvua, anaelekea upande wetu. Alisimama mwenyewe, akanisalimia, akaangalia mikono yangu, akamwangalia mama.

"Mzee, huyu bibi mnampeleka wapi?"

Nikamwambia.

"Mbona karibu. Nusu saa nitakuwa nimemfikisha getini. Naenda mdogo mdogo, simrushi."

Mama alisikia. Alishafungua mlango, mguu mmoja nje. "Nipandishe," akasema. "Nifunge kwa kanga, mgongoni kwake. Nipandishe, mwanangu."

Saa ilikuwa mbili na dakika kumi. Nusu saa ingekuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Kibali kilikuwa mfukoni mwake. Na mimi nikasema hapana. Nilisema nyonga, mama, nyonga itavunjika tena. Nilisema barabara ya kuingilia kambini ina mashimo. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeshaielewa ile injini, au niliona nimeielewa. Nilibakiza kuutoa ule uji na kupiga pampu mara chache, na sikutaka mama yangu afikishwe na pikipiki huku gari limesimama kwa sababu yangu.

"Dakika tano," nikamwambia yule kijana. "Wewe nenda tu, ndugu yangu."

Alimwangalia mama mara moja zaidi, akawasha pikipiki yake, akaenda. Mama aliurudisha mguu ndani, polepole, kwa kuushika na mikono miwili.

Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa arobaini. Nilifungua chujio mara tatu. Nilikusanya majani makavu nikawasha moto chini ya tangi, mtu mzima mwenye akili zake anawasha moto chini ya tangi la mafuta, nikauzima kwa miguu mwenyewe. Nilikojolea chujio ili nilipashe moto. Nayasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Betri ilianza kuchoka, kila nikigeuza ufunguo sauti inazidi kuwa nzito. Lori mbili zilipita zikielekea Kasulu, zimejaa, dereva mmoja akanipungia kunionyesha kwamba hana nafasi. Nilimpigia mdogo wangu, sijui nilitaka aniambie nini. Simu iliita mpaka mwisho. Kwa mama mdogo hatukuwa na pa kupiga, maana jirani yake mwenye simu aliondoka na mabasi ya wiki iliyopita.

Saa tatu ilipita. Geti lilishafungwa kwetu, na mimi bado nilikuwa nasukuma pampu ya mkono kwa kidole gumba. Najua ilikuwa upuuzi. Nilichokuwa nabishana nacho hakikuwa tena saa. Nilihisi kwamba likiwaka tu, yote yatarudi yalivyokuwa jana jioni kabla sijashika dumu.

Mama alishuka mwenyewe. Nilimsikia akishika mlango, kisha ubavu wa gari, hatua kwa hatua, hadi ukingoni mwa lami. Akasimama pale na mfuko wake. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba kama sisi hatuendi kwao, wao watakuja kwetu.

Mabasi yalikuja saa tano kasoro. Kwanza gari la polisi, taa zinazunguka, kisha basi moja, la pili, la tatu, yote madirisha wazi na watu wanaimba. Mama aliniita kwa jina langu la nyumbani.

"Njoo! Njoo uangalie, niambie yuko wapi!"

"Nakuja, mama, subiri kidogo," nikasema, kichwa kikiwa ndani ya boneti, maana wakati uleule pampu ilikuwa imekuwa ngumu chini ya kidole changu na nikaona tumepona. Nilikimbia kwenye usukani nikageuza ufunguo. Injini ilizunguka mara mbili, ikasita. Nikarudi kwenye pampu. Nje mama alikuwa anapaza sauti, anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia na sitaliandika hapa. Aliliita kwa kila basi. Magari ya msafara hayasimami. Nilipoinua kichwa lilikuwa linapita lori la mwisho, la mizigo, magodoro na baiskeli na masufuria, na upepo wake ukamyumbisha mama nikamdaka mkono.

"Umemwona?" akaniuliza.

Vumbi lilikuwa linatua. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Nimemwona," nikasema.

"Wapi?"

"Basi la pili. Dirishani. Alikuwa anapunga mkono."

"Amevaa nini?"

"Kitenge cha njano."

Akatikisa kichwa kukubali. Alibaki ameelekea kule yalikopotelea mabasi, mfuko wa mbegu ameukumbatia, mpaka hata mimi ambaye nasikia injini kutoka mbali sikuzisikia tena.

Tulivutwa hadi Kibondo na trekta mchana ule. Mdogo wangu aliporudi, fundi alikuwa ameshazitoa nozeli zote nne na kuzipanga juu ya gazeti, na hakuna hata moja iliyofaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilitamani anipige. Aliziangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Mama alimshika?" Nikasema hapana. Akaenda kukaa kwenye tairi bovu, uso ameufunika kwa viganja, palepale gerejini tulipochekana miaka sita. Yangu ya kijivu niliiuza iende kama chuma chakavu. Fundi alinisihi nisifanye hivyo. Alisema injini ni nzima.

Ilipita kama miezi miwili ndipo mama mdogo alipopata simu ya kuazima huko aliko. Tulimwekea mama kwa sauti kubwa. Walilia, wakaulizana mvua, wakalia tena. Kisha mama akasema kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile:

"Lakini mwanangu alikuona! Ulikuwa dirishani, umejifunga kitenge cha njano, unatupungia."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ego, ndiyo, dada," mama mdogo akasema. "Niliwapungia."

Mama alipochoka alinipa simu. Mama mdogo akaniuliza kwa Kirundi kama mama anasikia. Nikaondoa sauti kubwa, nikatoka uani.

"Mimi sikukaa dirishani," akasema. "Sikujua kama mpo. Hakuna aliyeniambia."

Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia gari, baridi, dumu, mawese, yote kwa pamoja, maneno yanakanyagana. Alinikatiza bila ukali.

"Hayo waambie mafundi, mwanangu. Wewe niambie jambo moja, ili akiniuliza niwe na la kumjibu. Dada yangu alikuwa amevaa nini?"

Nilijaribu kumwona mama pale ukingoni mwa lami, na nilichokiona ni chujio, mirija, pampu ya mkono, na vidole vyangu vya rangi ya chungwa. Nilirudi tena na tena mpaka asubuhi ile mwanzoni, kigoda, mfuko, mlango wa gari. Humo kichwani mwangu mama hakuwa na nguo yoyote. Mama mdogo alikuwa anasubiri, na simu haikuwa yake.

"Kitenge cha njano," nikamwambia.

"Basi tulivaa sare," akasema, na simu ikakatika.